Uwanja wa Ndege, Tozo ya Barabara na Msafiri Asiye na Gari

Kuna mambo matatu ambayo wakuu na raia wa Nairobi wamekuwa wakiyajadili kwa zaidi ya miaka kumi kana kwamba hayana nasaba: upanuzi wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, tozo wanayolipishwa wenye magari kwa kupita barabarani, na usafiri wa umma, ambao ndio unaobeba umati wa mji ule kila siku ya Mungu. La kwanza huzungumzwa na wakuu wa safari za anga na wizara ya fedha; la pili hufungwa katika mikataba mirefu ambayo raia huisikia ikiwa imekwisha kutiwa saini; na la tatu huachiwa wenye matatu, askari wa barabarani na subira ya abiria. Rai yangu, nitakayojitahidi kuithibitisha kwa mambo yaliyotukia waziwazi, ni kwamba haya matatu ni jambo moja lenye pande tatu, na kwamba mji unaoyatanguliza mawili ya kwanza na kuliahirisha la tatu hujitia katika deni kubwa kwa ajili ya wachache, kisha hukosa hata ile nafuu ambayo wachache hao waliahidiwa.

Tuanze na uwanja wenyewe, maana tarehe yake si ya kupitwa. Uwanja wa Embakasi, kama ulivyoitwa zamani, ulifunguliwa mwaka 1958, baada ya kujengwa kwa kiasi kikubwa na mikono ya mahabusu wa siku za Hali ya Hatari, watu waliopasua mawe katika uwanda ule wa mashariki ya mji chini ya ulinzi wa bunduki, kwa ajili ya ndege ambazo si wao waliokusudiwa kuzipanda. Mwaka 1978 lilifunguliwa jengo jipya la abiria, upande wa pili wa njia ya kurukia ndege, nalo lilikadiriwa kutosha abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Leo uwanja huo, ulioongezwa kumbi na mabanda hapa na pale, hupitisha abiria zaidi ya milioni 8 kwa mwaka, na hao wote hutegemea njia moja tu ya kurukia, yenye urefu wa kilomita 4 na ushei, ambayo ndege moja ikikwama juu yake hakuna nyingine iwezayo kushuka wala kupaa mpaka ile ya kwanza iondolewe. Fauka ya abiria kuna waridi za Naivasha na mboga mbichi, mali isiyojua kungoja, ambayo huchumwa leo na hutakiwa kuwa sokoni Ulaya kesho.

Haja ya upanuzi, basi, si uzushi wa wanasiasa. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa wanaowasili, na kwa muda mrefu wageni wa Kenya walipokelewa katika mahema na katika jengo la kuegesha magari. Disemba ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la jengo jipya lililoitwa Greenfield, lililokusudiwa kupokea abiria milioni 20 kwa mwaka. Mwaka 2016 mradi ule ulifutwa, likabaki jiwe. Agosti 2023 umeme ulikatika nchini na uwanja mkuu wa Afrika Mashariki ukakaa gizani kwa saa kadhaa, abiria wakiwa wamekaa juu ya masanduku yao wakimulikana kwa simu. Mwenye kuyajua hayo hawezi kusema kwamba uwanja ule unatosha, na mimi sisemi.

Hata hivyo nataka msomaji autazame kwa makini ubishi wa mwaka 2024. Katika Julai ya mwaka ule watu walipata kujua kwamba kampuni ya Adani ya India imependekeza kuukodi uwanja kwa miaka 30, iwekeze dola za Marekani bilioni 1.85, ijenge jengo jipya la abiria na njia ya pili ya kurukia, kisha ijilipe kwa mapato ya uwanja. Wafanyakazi waliogopa ajira zao, wakagoma tarehe 11 Septemba, abiria wakalala nje ya milango. Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuusimamisha mpango kwa muda kabla ya mgomo huo. Na tarehe 21 Novemba Rais William Ruto akatangaza Bungeni kwamba umefutwa, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki mwenye kampuni ile, Gautam Adani. Ubishi ule ulikuwa wa haki, kwa kuwa ulihusu siri, bei na mamlaka ya taifa juu ya mali yake. Lakini katika makelele yote yale, mahakamani, Bungeni, magazetini na mitaani, lilikuwa nadra mno kusikika swali moja jepesi: abiria hao wakiongezeka mara mbili, watapita wapi kufika huko na kutoka huko?

Si swali la pembeni. Kwetu msafiri hasafiri peke yake. Binti anayekwenda Riyadh au Doha kutafuta kazi ya nyumbani, au kijana aliyepata nafasi ya masomo ng'ambo, husindikizwa na mama, wajomba, mashangazi na majirani waliokodi matatu tangu kijijini, wakaomba dua pamoja kwenye maegesho kabla ya kuagana. Na yeye akiisha kuingia ndani, jamaa wote hurudi kwa njia ile ile, aghalabu usiku. Kwa hiyo anayehesabu abiria milioni 8 hana budi ajue kwamba watu wanaofika Embakasi na kutoka ni wengi kupita idadi hiyo, na bado hajawahesabu wafagiaji, wapishi, wapakiaji mizigo, walinzi, mafundi na makarani, ambao hufika kila siku ya mwaka, na ambao zamu zao huanza katika saa ambazo mji haujaamka.

Tazama lango la uwanja kabla ya jua kuchomoza. Gari dogo hufika penye ukaguzi; dereva hubaki na gari lake, wenzake huteremka, hupita kwa miguu katika mashine ya kukagulia, hupanda tena upande wa pili, na mambo yamekwisha. Mfanyakazi wa zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, mwenye kukaa Pipeline au Tassia, ambako ghorofa zimebanana hata jua halifiki chini, naye pia hupita pale. Ila yeye ameamka usiku wa manane, ametembea gizani hadi steji akiwa ameficha simu kifuani, amengoja matatu ya namba 34 mpaka ijae kwa sababu matatu haiondoki na viti vitupu, na nauli aliyolipa si ile ya jana, kwa kuwa leo kumenyesha. Nyumba yake na mahali pake pa kazi hazitenganishwi na masafa makubwa. Mtu angesimama juu ya paa la ghorofa yake angeziona ndege zikishuka. Wote wawili, mwenye gari na asiye na gari, ni watu wa uwanja ule ule, lakini michoro ya upanuzi humjua mmoja tu, na hupima mahitaji yake kwa idadi ya nafasi za kuegesha.

Hapa ndipo inapoingia habari ya barabara. Mwezi Mei 2022 magari yalianza kulipishwa kwa kupita katika Nairobi Expressway, barabara ya kilomita 27 itokayo Mlolongo hadi Westlands, ambayo katikati ya mji imeinuliwa juu ya nguzo, na ambayo ina njia yake ya kutokea kuelekea uwanja wa ndege. Ilijengwa na kampuni ya Kichina, China Road and Bridge Corporation, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 88, na kampuni yake iitwayo Moja Expressway imepewa kuiendesha kwa miaka 27 ili ijirudishie mtaji na faida. Nitasema kweli juu yake: kwa mwenye pesa, imeondoa adha kubwa. Safari ya kutoka uwanjani hadi Westlands, ambayo jioni ya Ijumaa yenye mvua ilikuwa ikila saa mbili na zaidi, sasa humalizika kabla mtu hajamaliza mazungumzo yake. Wapo watu waliokuwa wakikosa ndege kila mara kwa ajili ya foleni ya Barabara ya Mombasa, na hawakosi tena.

Lakini tozo za barabara ni za namna mbili, na asiyezipambanua hupotea katika mjadala huu. Iko tozo ambayo kusudi lake ni kulipa deni la ujenzi, na iko tozo ambayo kusudi lake ni kupunguza magari katika mji uliosongamana. Ya kwanza hufanikiwa magari yakiwa mengi, na ya pili hufanikiwa yakiwa machache. Kampuni inayolipwa kwa kila gari linalopita kwa muda wa miaka 27 haiwezi, hata ikiwa ya watu wema kabisa, kufurahia treni itakayoyapunguza magari hayo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, wala si kosa lake, kwa kuwa ndivyo mkataba ulivyomtaka afanye. Kadhalika uwanja wa ndege unaoendeshwa kwa biashara hupata sehemu ya mapato yake kwa maegesho na kwa magari ya kukodi. Ukiufunga uwanja kwa miaka 30 na barabara inayoelekea uwanjani kwa miaka 27, pasipo kuweka katika hati hizo neno lolote juu ya abiria wa kawaida, umekwisha kukata shauri la usafiri wa mji kwa niaba ya watoto ambao hawajazaliwa, na umelikata bila ya kulitaja.

Kisha kuna jambo la thamani ya fedha. Tozo ya gari dogo kwa safari nzima ilikuwa shilingi 360, na kuanzia Januari 2024 ikapandishwa hadi shilingi 500, sababu iliyotolewa ikiwa ni kushuka kwa shilingi mbele ya dola. Mpitaji analipa shilingi na mwekezaji anahesabu dola, na hatari ya baina ya hizo mbili imewekwa juu ya mabega ya mpitaji. Aliyekuwa akimudu mwaka 2022 akarudi chini kwenye foleni mwaka 2024, ingawa barabara ni ile ile na mshahara wake ni ule ule.

Wakenya si wageni wa tozo. Katika miaka ya 1980 palikuwa na vituo vya kutoza magari kwenye barabara kuu, na hata leo utingo wa matatu za Thika huita kwa sauti mahali paitwapo Toll, ingawa kizuizi kiliondolewa zamani. Vituo vile viliachwa baada ya kutungwa sheria ya mwaka 1993 iliyoanzisha Hazina ya Matengenezo ya Barabara, ambayo hukusanya fedha kwa kila lita ya petroli na dizeli. Na kiwango chake, kilichokuwa shilingi 18 kwa lita, kilipandishwa hadi shilingi 25 mwaka 2024. Ushuru huu humfikia kila mtu, kwa sababu mwenye matatu huutia ndani ya nauli, na muuza nyanya huutia ndani ya fungu la nyanya. Kwa hiyo yule mfanyakazi wa Pipeline, asiyekuwa na gari wala matumaini ya kulipata, ni mlipaji wa barabara tangu utoto wake. Na ana haki, si fadhila, ya kuuliza kwa nini barabara bora kuliko zote haimpitishi.

Na chini ya hiyo barabara bora hali ikoje? Anayetembea katika Barabara ya Mombasa, kutoka Imara Daima kuelekea Bellevue, huenda chini ya kivuli cha zege kwenye ukanda wa vumbi baina ya nguzo na mitaro, bodaboda zikimpita kwa kasi pande zote mbili, na akitaka kuvuka hana budi atembee mbali kutafuta daraja la miguu, au akimbie baina ya malori. Watu wa mtaa wa mabanda wa Mukuru nao hutoka kwa mguu asubuhi kwenda viwandani. Mwaka 2021, katika miezi ya Oktoba na Novemba, nyumba za maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga zilibomolewa ili ipite barabara ya kuunganisha eneo la viwanda na Expressway. Watu walilala nje na watoto katika mvua za vuli. Mji ule ule uliowafukuza watu hao ulikuwa umeweza kuuhifadhi kwa amri ya Rais mkuyu mkongwe wa Waiyaki Way uliokuwa ukatwe mwaka 2020. Ninashukuru kwamba mti ule uko hai. Unathibitisha kuwa mchoro wa barabara unaweza kupindwa pakiwa na azma ya kuupinda, na hivyo udhuru wa kwamba wahandisi hawakuwa na njia nyingine hausimami mbele ya watu wa Mukuru.

Juu ya matatu maneno mengi ya dharau yamekwisha semwa, na mengine yana ukweli. Lakini ni matatu, si serikali, zilizoubeba mji huu kwa nusu karne bila ruzuku. Ni zao njia zinazofika mitaa ambayo haimo katika ramani, na ni zao akili zilizotambua kabla ya wataalamu kwamba watu wa Utawala na Ruai wamekuwa wengi. Udhaifu wake ni wa mpango zaidi kuliko wa watu: dereva na utingo hulazimika kumpelekea mwenye gari kiasi fulani kila jioni, basi hujaza, hukimbiza, hupandisha nauli mvua inaponyesha, na baada ya saa fulani ya usiku hulala, kwa sababu hapana anayewalipa kubeba abiria wachache wa usiku. Tarehe 3 Disemba 2018 serikali ya kaunti ilizizuia matatu zisiingie katikati ya mji ili kupunguza msongamano. Magari ya watu binafsi yaliruhusiwa kama kawaida. Asubuhi ile maelfu walionekana wakitembea kutoka pembezoni, wazee, wagonjwa, kina mama wenye watoto mgongoni, wakipitwa na magari yenye mtu mmoja mmoja. Amri haikumaliza hata siku mbili kabla ya kusimamishwa. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kuanzia mwisho badala ya mwanzo: aliyechukua nafasi ndogo barabarani ndiye aliyeondolewa, na aliyechukua kubwa akaachwa.

Mipango ya kuondoa dosari hiyo ipo, tena imeandikwa vizuri. Mamlaka ya usafiri wa eneo la Nairobi, NaMATA, iliundwa mwaka 2017; ikachora njia tano za mabasi ya mwendo wa haraka na kuzipa majina ya wanyama wakubwa: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Katika Barabara ya Thika mistari myekundu ilichorwa, mabasi hayakuja, mistari ikafifia. Baadaye vituo vikaanza kujengwa katikati ya barabara ile, na ujenzi wake umekwenda kwa kusuasua miaka na miaka. Linganisha na Expressway, iliyoanza mwishoni mwa 2020 na kupitisha magari kabla ya katikati ya 2022. Sipati sababu ya kihandisi katika tofauti hiyo, kwa maana kujenga juu ya nguzo ni kugumu kuliko kutenga ukanda ardhini. Sababu ni kwamba barabara ya tozo ina mtu aliyeuleta mtaji na ana hamu ya kuanza kukusanya, na basi la umma halina mtu wa namna hiyo isipokuwa serikali yenyewe.

Reli nayo inasikitisha zaidi, kwa sababu Nairobi ilizaliwa na reli, iliyofika hapo mwaka 1899. Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua kituo cha Syokimau na treni ya abiria wa mjini; mwaka 2017 reli ya kisasa ya SGR kutoka Mombasa ikaishia hapo hapo Syokimau, kwenye kituo kikubwa kinachong'aa. Baina ya vituo hivyo na majengo ya abiria ya uwanja wa ndege ni mwendo wa kilomita chache za nchi tambarare. Reli ya kwenda uwanjani ilikuwamo katika mipango, ikatajwa na kutajwa tena. Haikujengwa. Msafiri atokaye Mombasa kwa treni ili apande ndege huteremka Syokimau, huvuta sanduku lake hadi kwenye teksi, na hulipa kwa mwendo ule mfupi nauli ambayo pengine yakaribia ile aliyoilipa kuvukia nusu ya nchi katika daraja la kawaida.

Si Nairobi peke yake iliyokutana na mtihani huu, na ni vema kutazama waliofaulu na walioshindwa. Mji wa Stockholm ulipotaka kuwatoza wenye magari kwa kuingia mjini, ulianza Agosti 2005 kwa kuongeza mabasi na treni. Tozo yenyewe haikuanza mpaka Januari 2006, ikaendeshwa kwa majaribio ya miezi saba, magari yanayovuka mpaka wa mji yakapungua kwa kiasi cha sehemu moja katika tano, watu wakapiga kura, na mwaka 2007 ikawa ya kudumu. London ilifanya vivyo hivyo tarehe 17 Februari 2003: siku ya kwanza ya tozo ilikuwa pia siku ya mamia ya mabasi ya ziada, na sheria ilitaka mapato halisi yatumike katika usafiri. Mtu alinyimwa njia moja akiwa amekwisha kufunguliwa nyingine.

Lakini miji hiyo ni ya matajiri, na msomaji anaweza kusema kwamba mifano yake haituhusu. Basi tuitazame Gauteng, katika Afrika ya Kusini, ambako mambo yote matatu ya makala haya yalikutana mahali pamoja. Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, treni ya Gautrain ilianza kwenda baina ya uwanja wa ndege wa O. R. Tambo na Sandton: safi, ya haraka, yenye kutegemeka. Disemba 2013 ikaanza tozo ya mitambo katika barabara kuu za mkoa ule, zilizokuwa zimepanuliwa kwa mkopo. Watu wakakataa kulipa. Hawakuchoma kitu, walizipokea bili na kuziweka kando, vyama vya wafanyakazi, makanisa na wenye magari wakasimama upande mmoja, madeni yakalundikana mwaka baada ya mwaka, na Aprili 2024 mitambo ikazimwa, serikali ikabaki na deni. Kwa nini? Barabara zilipanuliwa kwanza na bei ikatajwa baadaye. Na mtu wa Soweto au Tembisa alipoambiwa aache gari nyumbani, aliuliza apande nini, akakosa jibu, kwa kuwa Gautrain yenyewe ilichorwa kwa ajili ya mwenye nauli ya juu na haikupita kwake, na treni za kale za walalahoi zilikuwa zimeachwa ziharibike. Mafunzo ya Gauteng ni mazito kwa Nairobi katika pande mbili: tozo isiyo na njia mbadala haikusanyiki, na reli ya uwanjani inayomrukia mfanyakazi wa uwanja ni pambo la mgeni.

Karibu zaidi, Dar es Salaam imekwenda kwa mpangilio mwingine, wenye kasoro zake, lakini unaostahili kutazamwa. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na kila aliyewahi kungoja pale Kimara saa moja asubuhi anajua kwamba yamejaa kupita kiasi, na kwamba mabasi ni machache kuliko haja. Lakini yanajaa kwa sababu yanafaa, nayo yana ukanda wake ambao gari la mkubwa haliruhusiwi. Jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Julius Nyerere, lenye nafasi ya abiria milioni 6 kwa mwaka, lilifunguliwa Agosti 2019. Na awamu ya tatu ya mwendokasi ilipangwa kupitia Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, yaani mbele ya uwanja huo na kuendelea hadi mitaa wanakokaa wafanyakazi wake. Hilo la kuendelea ndilo ninalolisifu, kwa kuwa mchora njia hakuishia mlangoni kwa wasafiri. Na kuhusu tozo, daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016 na kujengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, lilizua manung'uniko ya miaka mingi kwa wakazi wa ng'ambo, ambao njia zao nyingine ni kungoja pantoni au kuzunguka mbali, hata viwango vikapunguzwa mwaka 2022. Mtu hatozwi kwa haki panapokosekana hiari.

Najua hoja kubwa ya upande wa pili, wala si ya kupuuzwa. Serikali ya Kenya ina madeni, kodi zimewachosha watu hata vijana wakaingia barabarani mwaka 2024, na mwenye mtaji binafsi hujenga pale tu panapolipa. Basi, wasema, heri barabara ya tozo kuliko kukosa barabara. Nami nakubali kwamba tozo inaweza kuwa njia ya insafu kuliko kodi, kwa kuwa humlipisha mtumiaji. Ninalolikataa ni kuhesabu kwamba usafiri wa umma ni gharama, na kwamba barabara ya juu ni bure kwa sababu mgeni ameigharimia. Si bure. Imelipwa kwa nafasi ya katikati ya mji, ambayo ni mali ya wote na haiongezeki, na kwa miaka 27 ya mapato ambayo yangeweza kununua mabasi. Tena ipo hesabu ya barabara yenyewe: ukanda mmoja uliotengewa mabasi huweza kupitisha kwa saa moja watu wengi maradufu kuliko ukanda wa magari yenye mtu mmoja mmoja, kwa lami ile ile.

Jambo hili sasa lina haraka, kwa maana tozo zinaenea. Ujenzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, yenye kupita Nakuru, ulizinduliwa Novemba 2025, nayo imekusudiwa kulipiwa kwa tozo ya takriban shilingi 8 kwa kilomita, na miongoni mwa wawekezaji wake umo mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya, yaani akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wenyewe. Mfanyakazi huyo atakuwa mwenye mali katika barabara na mlipaji wake kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila basi la kwenda Kisumu au Eldoret litatozwa na kuitia tozo hiyo ndani ya nauli. Ingefaa kabisa basi la abiria lisilipishwe sawa na gari la mtu mmoja. Likipunguziwa tozo, na nauli ikashushwa kwa masharti yanayokaguliwa, mwenye gari atakayelipa zaidi atapata barabara iliyo wazi zaidi.

Na katika Nairobi, kabla mkataba mwingine wowote wa njia ya pili ya kurukia haujatiwa saini, ningependa kuona ndani ya hati ile ile, si katika ahadi ya pembeni, reli fupi ya kutoka Syokimau; iwe na kituo Embakasi kwa ajili ya wakazi na si uwanjani tu; treni ya kwanza ifike kabla ya zamu ya saa kumi na mbili, na ya mwisho iondoke baada ya ndege za usiku kushusha watu; nauli ya mfagiaji isizidi ile anayoilipa katika matatu. Sehemu ya tozo ya Expressway, ambayo ilipandishwa dola ilipopanda, itengwe kwa sheria kwa ajili ya ukanda wa mabasi katika Barabara ya Mombasa, pale pale chini ya nguzo, pamoja na njia ya miguu yenye taa kutoka Imara Daima hadi Bellevue. Njia ya miguu haihitaji mwekezaji kutoka ng'ambo, na kazi yake ingeweza kuanza mwaka huu.